Kufuatilia matokeo ya uchaguzi wa Costa Rica ukiwa Kigoma

Costa Rica hupiga kura kila miaka minne, Jumapili ya kwanza ya Februari. Wako nyuma yetu kwa saa 9: vituo vyao viko wazi tangu saa 9 alasiri yetu hadi saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu. Basi usikeshe bure. Lala, amka alfajiri, simu iwe na chaji na bando.

Takwimu hutolewa na tume yao, Tribunal Supremo de Elecciones (TSE). Chora safu nne daftarini: kura halali (válidos), zilizoharibika (nulos), tupu (en blanco) na vituo vilivyokwisha kuhesabiwa (juntas procesadas). Safu hiyo ya mwisho itazame kwanza. Vituo vikiwa bado vichache, usimtangaze mtu.

Kosa kubwa la vijiwe vyetu, Ujiji hata Mwanga, ni kudhani anayeongoza ameshinda, kwa kuwa kwetu rais ni mwenye kura nyingi tu. Kule lazima avuke asilimia 40 ya kura halali. Zilizoharibika na tupu usizijumlishe. Asipovuka, wawili wa juu hurudiana Jumapili ya kwanza ya Aprili. Mwaka 2022 José María Figueres aliongoza kwa asilimia 27 hivi, Rodrigo Chaves akapata kama 17. Aprili akashinda Chaves.

Wabunge 57 ndiyo hesabu tamu. Mpiga kura hupewa karatasi ya pili na huchagua chama, si mtu; viti hugawanywa mkoa kwa mkoa, na mikoa ni saba. Tuseme mkoa una viti 5 na kura halali 100,000. Gawanya: kiti kimoja ni kura 20,000. Chama A kina 46,000, kinapata viti 2, baki 6,000. B kina 27,000: kiti 1, baki 7,000. C kina 15,000, D 8,000, E 4,000. Vimebaki viti 2, navyo hufuata baki kubwa. C hakikufikia 20,000 lakini kimevuka nusu yake, kwa hiyo 15,000 zake zote huhesabiwa kama baki, nacho kinachukua kiti cha kwanza. Cha pili wengi humpa D, kwa kuwa 8,000 ni nyingi kuliko 7,000. Si chake: hakikufikisha 10,000, kimeshatoka. Kiti ni cha B.