Gari imegoma kuwaka asubuhi? Isikilize kwanza kabla hujampigia fundi

Wenye Vitz, IST, Noah na gari zetu hizi za Japani, nataka tuzungumze hili maana naona watu wanapoteza pesa bure, gari ikikataa kuwaka tu simu kwa fundi, fundi nae anafungua sterta, ile mota inayozungusha injini iwake, kumbe shida ilikuwa kutu kwenye vichwa vya betri. Injini inasema yenyewe inaumwa wapi, wewe zungusha swichi halafu tega sikio.

Ukisikia tki tki tki tki ya haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia hapo ni betri, ama imeisha moto ama moto haupiti. Fungua boneti utazame vile vichwa. Huku kwetu Zanzibar hewa ya chumvi inakula chuma, hasa mnaokaa ufukweni kule Jambiani, Nungwi au Mkoani, unakuta pale umeota unga mweupe wenye ukijani. Chukua spana namba 10, legeza waya mweusi wa hasi kwanza ndio ufate mwekundu, mwagia maji ya moto kidogo, sugua na brashi kuukuu mpaka chuma ing'are, kausha, rudisha mwekundu kwanza na mweusi mwisho, paka grisi juu. Unga huo usiushike kwa mkono mtupu na ukafikicha macho, una asidi. Kama unayo mita ya umeme pima, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, na injini ikiwa inanguruma isome 13.5 hadi 14.5, ikibaki 12 basi alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haifanyi kazi na hata ukinunua betri mpya nayo itakufa tu.

Ukisikia "ta!" moja nzito halafu kimya na taa zinawaka vizuri, tizama waya kwanza halafu ndio umshuku sterta. Na kama gari ya gia otomatiki haitoi sauti yoyote tia N ujaribu tena, mguu uwe kwenye breki, mara nyengine ni swichi ya gia tu.

Sasa ikiwa inazunguka vizuri kru kru kru lakini haishiki, betri iache, haina makosa. Hapo ni mafuta au moto wa plagi, zile cheche zinazowasha mafuta. Weka swichi ON bila kuwasha, zima redio, sikiliza nyuma kwenye kiti, kwenye gari nyingi pampu ya mafuta inalia mzii kama sekunde mbili hivi, ingawa zengine inalia pale unapopiga sterta tu. Isipolia angalia fyuzi kabla hujaambiwa ununue pampu.

Kuchemsha ndio balaa kubwa na hapa naomba mnisikilize kweli. Gari haifi kwa kuchemka, inakufa kwa sababu dereva kaona taa nyekundu kasema nipo karibu nafika, pale ndio hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inapinda na gasketi iliyo chini yake inaungua. Gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, kwa hiyo nyekundu ikiwaka weka pembeni uzime. Kama hakuna pa kusimama zima AC, washa hita moto wa mwisho, itakutoa jasho lakini inavuta joto kwenye injini mpaka upate nafasi. Mfuniko wa rejeta USIFUNGUE, yale maji yana presha yanakurukia usoni, subiri nusu saa au zaidi mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono, na wala usimwagie injini maji ya baridi.

Ikishapoa jiulize inachemsha wapi. Ikichemsha kwenye foleni ya Darajani na ukitoka njia ya wazi inapoa, ni feni. Ikichemsha popote, hasa ukipandisha vile vilima vya Pemba, tazama maji yamepungua wapi, mpira umepasuka au pampu ya maji inavuja. Mpira wa juu moto na wa chini baridi wakati injini ishapata joto, ni thamostati, ile vali inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta, au rejeta imeziba. Na kuziba kwenyewe tunajitakia, visima vyetu vya kwenye mawe haya maji yake yana chokaa na pengine chumvi, unamimina miaka miwili rejeta imejaa magamba. Tieni kulanti jamani, yale maji maalumu ya rejeta.

Injini ikitetemeka na kukosa nguvu, hasa masika au baada ya kuoshwa, mara nyingi ni koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi, au maji yameingia kwenye visima vya plagi. Zima gari, chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza, zima, rudisha, nenda ya pili. Ukichomoa ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ni nzima, usiposikia tofauti mbovu ndio hiyo. Hamishia koili yake silinda nyengine, ubovu ukihama nayo nunua koili moja, usikubali kuuziwa zote nne.

Moshi nao utizame: buluu inakula oili, mweusi mafuta mengi, mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani. Huo mweupe, na taa nyekundu ya oili ikiwaka huku unaendesha, hapo usijaribu chochote, zima na gari ivutwe mpaka gereji.