Una masaa ya kupoteza Dubai? Nenda ukawaone papa

Kama umefuata mzigo Dubai na kichwa kimechoka na kelele za mitaa ya biashara ya Deira, panda metro ya laini nyekundu ushukie Burj Khalifa/Dubai Mall, halafu jiandae kutembea maana ile njia ya juu ya kuingia mall ni ndefu kweli, viatu vya kubana achana navyo. Ndani fuata vibao vya akwariamu, lile tangi kubwa la samaki. Sasa sikia, usikimbilie tiketi! Tangi lina lita milioni 10 na kioo chake kikubwa unakiona bure ukiwa umesimama tu hapo mall, papa anapita taratibu, mara samaki taa anakuja na tumbo lake jeupe karibu kabisa na kioo, unaona mdomo unafunguka funguka kama anakuteta. Ukinogewa ndo ukate tiketi uingie kwenye handaki, mita 48, samaki wanapita juu ya kichwa chako. Mle usiwe na haraka, kaa pembeni watu wa selfi wapite, na flashi zima, inarudisha mwanga tu picha inaharibika. Wikendi jioni mimi sishauri, pamejaa mno, asubuhi siku ya kazi ndo penyewe. Halafu beba sweta, AC ya mall si mchezo.