Kuwaleta Mashujaa wa Filamu na Katuni kwenye Meza ya Mchezo

Mchezo wa kuigiza wa mezani hauhitaji skrini wala umeme. Watu wanne au watano hukaa pamoja. Mmoja wao huwa msimulizi, anayeieleza dunia ya mchezo na kuwasemea watu wote waliomo, na kila mmoja wa waliobaki humshika mhusika wake, akaamua mhusika huyo anasema nini na anafanya nini. Pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu hurushwa. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, nao ulijaa mapanga, mapango na mazimwi. Vijana wanaokuja kwenye baraza yetu hapa Mji Mkongwe, hasa usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, hawakukulia katika mazimwi. Wamekulia katika Spider-Man, Batman na Black Panther, na ukiwaambia kwamba usiku huu wao ndio mashujaa, hawahitaji maelezo marefu. Ninayoyaandika hapa ni kwa yeyote anayetaka kuanzisha mchezo kama huo Unguja au Pemba, na yanamhusu zaidi msimulizi, kwa sababu yeye ndiye anayeamua ni kitu gani cha filamu na katuni kinaingia mezani na kipi kinabaki nje.

Kinachopaswa kubaki nje, kwa maoni yangu, ni hadithi yenyewe. Mchezo wangu wa kwanza niliusimamisha juu ya filamu ambayo kila mtu alikuwa ameshaiona: nilimbadilisha adui jina, nikauhamisha mji, lakini mfuatano wa matukio nikauacha kama ulivyo. Kabla kikao hakijafika nusu, wachezaji walikuwa wameshaitambua siri ya adui, wakakaa kunisubiri nifike kwenye mwisho wanaoujua. Hapakuwa na jambo la kuamua, na asiye na la kuamua hachezi, anasikiliza tu. Tangu siku hiyo ninachukua kwanza kitu kimoja, nacho ni mzigo wa shujaa. Watu humjua shujaa kwa nguvu zake, lakini humpenda kwa kile anachoweza kukipoteza, na hicho ndicho kinachomlazimisha mchezaji kuchagua.

Anza na mzigo, nguvu zije baadaye

Spider-Man alipotokea mwaka 1962, wasomaji walikuwa na miaka 24 ya kumzoea Superman, na mtu wa kuinua gari kwa mikono hakuwa tena ajabu. Kilichokuwa kipya ni kwamba huyu alikuwa kijana wa skuli, yatima, aliyelelewa na ami yake na mke wa ami yake. Aliwahi kumwacha mwizi apite kwa sababu halikumhusu, na mwizi yule yule akaja kumuua ami yake. Kila pambano lake baada ya hapo lina deni ndani yake.

Sisi wa pwani tumelijua jambo hili tangu zamani. Fumo Liyongo wa tenzi zetu hakudhurika kwa mkuki wala kwa mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo alimwambia mwanawe mwenyewe, ambaye mfalme alikuwa ameshamuahidi makubwa. Sindano ilikuwa chombo tu. Mlango wa kifo chake ulikuwa mtoto aliyempenda na kumwamini. Mchezaji akikwambia kwamba shujaa wake anadhoofishwa na jiwe fulani au rangi fulani, usiridhike upesi. Muulize ni nani mwenye kuijua siri hiyo, na ni kitu gani kingeweza kumfanya mtu huyo aitoe.

Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kutaja nguvu, ninamtaka kila mchezaji ajibu kwa sauti, wenzake wakisikia: nani anamtegemea shujaa wako kila siku, nani atamuuliza kesho asubuhi alikuwa wapi usiku, na ni jambo gani alilolifanya ambalo bado hajajisamehe. Majibu yaandikwe juu kabisa ya karatasi ya mhusika. Swali la pili ndilo lenye matunda mengi zaidi kwetu. Katika katuni za Marekani shujaa huvaa barakoa akapotea katikati ya mamilioni ya watu wa New York wasiojuana. Hapa kuna baraza. Mtu akitoka nyumbani saa sita usiku, wanaocheza dhumna wamemwona. Akirudi alfajiri na mkono uliochubuka, muuza chapati amemwona. Na kabla ya adhuhuri shangazi yake wa Mwembeladu ameshapata habari, anataka kujua kulikoni. Kulificha jina la shujaa mbele ya majirani, mbele ya sheha, mbele ya mama anayefua nguo zenye majivu bila kuuliza, ni mchezo kamili hata kama adui hajatokea, na katika vikao vyetu hakuna hofu iliyowahi kumshika mchezaji kama ile ya kusikia mlangoni, «Mwanangu, hebu kaa, nina maneno na wewe.»

Baada ya hapo nguvu huandikwa kwa sentensi moja, na mpaka wake kwa sentensi nyingine. Mchezaji wetu mmoja alimtunga shujaa aitwaye Kusi, binti wa mvuvi wa Mkokotoni, mwenye kuamuru upepo. Mpaka wake ni msimu: kusi inapovuma yeye ana nguvu kamili, kaskazi ikiingia nguvu zake hupungua sana, na wakati wa tanga mbili, pepo hizo zinapobadilishana, upepo humtii mara moja na kumkataa mara ya pili. Mpaka huo ulinilazimisha mimi msimulizi kuandika mwezi wa hadithi juu ya daftari langu kila kikao, na ukawafanya wachezaji wenzake wapange mambo yao kwa kalenda ya mabaharia. Nauona mpaka huu kuwa bora kuliko mwingi niliousoma vitabuni, kwa sababu kila aliyekaa mezani aliufahamu bila kufafanuliwa.

Tatizo linalowasumbua wasimulizi wengi ni mashujaa wasiolingana, mmoja wa kubeba meli na mwingine mwenye akili na kamba tu. Mchezo wa DC Heroes wa mwaka 1985 ulilitatua kwa hesabu, kila pointi ikiwa na ukubwa mara mbili ya ile iliyo chini yake, hivi kwamba Batman na Superman wakaenea katika kipimo kimoja. Filamu hulitatua kwa njia ambayo naipenda zaidi: yule mwenye nguvu hupewa kitu kizito cha kushikilia, asiweze kukiachia, na wakati huo yule wa akili ndiye anayeufikia mlango. Gawa nafasi ya kutenda sawasawa, hata kama nguvu hazilingani.

Kanuni na dadu

Michezo ya mashujaa iliyochapishwa ni mingi, na msimulizi hana haja ya kuijua yote. Champions ya mwaka 1981 humpa mchezaji pointi za kununulia nguvu, na anayetaka pointi zaidi hukubali kubeba udhaifu, kama vile adui anayemwinda au jamaa anayemtegemea. Wazo hilo ni zuri, ingawa hesabu zake ni ndefu kwa wanaoanza. Mutants & Masterminds ya mwaka 2002 hutumia dadu ya nyuso ishirini. Ninayoipendekeza ni njia ya Masks, mchezo wa mwaka 2016 unaohusu mashujaa vijana, kwa sababu unatosheka na dadu mbili za kawaida, zile za ludo, na zinapatikana Darajani bila shida.

Kanuni yake ya msingi ni hii. Shujaa anapojaribu jambo la hatari, mchezaji hurusha dadu mbili na kujumlisha, kisha huongeza au kupunguza kidogo kulingana na sifa za mhusika wake. Jumla ya 10 na zaidi ni kufaulu kamili. 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama. 6 kushuka chini, msimulizi ndiye anayesema mambo yanaharibika vipi. Katika namna 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuanguka, 6 tu hutoa ushindi kamili, 15 hutoa ushindi wenye gharama, na 15 hutoa kushindwa. Mwenye nyongeza ya moja hupata 10, 16 na 10. Zizingatie hesabu hizi kabla ya kumwambia mtu arushe: sehemu kubwa ya mchezo itaangukia katikati, kwenye ushindi wenye gharama, na hapo ndipo mzigo ulioandikwa juu ya karatasi unapofanya kazi. Kusi ameizima moto boti, lakini upepo wake umeng'oa mabati ya nyumba ya yule yule jirani aliyekuwa akimtilia shaka.

Masks ina jambo jingine ninalolithamini sana. Shujaa akipigwa hapunguziwi damu kwa namba. Huingia katika moja ya hali tano za moyo: hofu, hasira, majuto, kukata tamaa, au kutojiamini. Mwenye hasira hupunguziwa mbili katika jumla ya dadu anapojaribu kumtuliza mtu. Mwenye hofu hupunguziwa mbili anapomkabili adui ana kwa ana, mpaka hali hiyo imtoke, na haimtoki kwa dawa bali kwa kusemeshwa na mwenzake au kwa kutenda jambo lenye athari yake. Ziandike hali hizo kwa Kiswahili kwenye karatasi ya mhusika, pamoja na maneno mengine yote ya kanuni. Wachezaji wanaosoma Kiingereza vizuri kabisa huigiza kwa uzito zaidi pale karatasi inapowasemesha kwa lugha wanayogombania nayo nyumbani.

Mji wa kuulinda

Chagua mtaa mmoja na uujue vizuri, usianze na dunia nzima. Mtaa wetu wa mchezo una msikiti, skuli, duka, kisima cha zamani na paa moja ambalo kutoka hapo bandari yote inaonekana. Kwa kikao cha kwanza ninapendekeza kukatika kwa umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme wa kutoka bara, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Wakubwa mezani wanakumbuka mashine za jenereta zikinguruma usiku kucha, mabomba ya maji yaliyokauka na samaki walioharibika, na wadogo wamesimuliwa. Giza humpa kila shujaa kazi, mmoja hospitalini, mmoja kisimani, mmoja nyumbani kwa nyanya yake, na humpa adui nafasi ya kutaka jambo lenye maana.

Adui naye awe na hoja. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ilikaa vichwani mwa watazamaji kwa sababu adui wake alikuwa na dai la haki na njia ya dhuluma, na mfalme mwenyewe alilazimika kubadilika baada ya kumsikia. Mjenge adui wako hivyo hivyo: mpe dai ambalo angalau mchezaji mmoja atalikubali, kisha mpe njia ambayo hakuna anayeweza kuikubali. Ukifanikiwa, wachezaji watabishana wao kwa wao kabla ya kupigana naye, na usiwakatize.

Kuna jambo ambalo silileti mezani, nalo ni meli inayozama. Katuni hupenda uokoaji wa aina hiyo, na mwandishi wa mbali hawezi kulaumiwa. Lakini sisi tulizika watu baada ya MV Spice Islander mwezi Septemba 2011 na MV Skagit mwezi Julai 2012, na huwezi kujua ni nani kati ya waliokaa nawe aliyepoteza mzazi au ndugu. Kabla ya kikao cha kwanza waulize wachezaji, kila mmoja peke yake, ni yapi hawataki kuyasikia. Weka pia katikati ya meza kadi yenye alama ya X, ambayo mtu yeyote anaweza kuigusa, na tukio likafutwa papo hapo bila ya yeye kutakiwa kueleza sababu. Habari za majini na uchawi zizungumzwe hapo hapo mwanzoni, na ikiwa mnachezea nyumbani kwa wazee, waelezwe mchezo wenu ni wa namna gani kabla hawajausikia kupitia dirishani.

Kufunga ukurasa

Filamu inafaa kuigwa katika kikao cha kwanza tu, kwa kuwa ina mwanzo wa kasi na mwisho uliofungwa. Vikao vinavyofuata viige katuni, ambayo hutoka kidogo kidogo, na ambayo baina ya picha moja na nyingine huacha nafasi nyeupe ili msomaji ajaze mwenyewe. Msimulizi anaweza kufanya hivyo kwa mdomo: eleza picha moja, mkono ulioshika ukingo wa paa, nyamaza kidogo, kisha eleza picha ya pili, paa tupu, na umuulize mchezaji nini kimetokea katikati. Wapo wanaojibu kwa ujasiri ambao nisingeuthubutu mimi.

Daku inapokaribia, tafuta ukurasa wa kufungia. Nao uwe pale ambapo swali limeshaulizwa na jibu halijatolewa: mlango umefunguliwa, mama wa Kusi ameshika ile nguo yenye majivu, na binti hajasema neno. Andika katika daftari mwezi wa hadithi, upepo unaovuma, na hali ya moyo ya kila shujaa. Kikao kijacho kianze na jibu la Kusi, kabla ya salamu za mchezo na kabla ya kukumbushana yaliyopita.