Namna ya Kuishi Majilio Nyumbani Hadi Noeli

Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli (Krismasi), huanza Dominika (Jumapili) iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Hadi tarehe 16 Desemba, Kanisa Katoliki hutazama hasa kurudi kwa Kristo katika utukufu, na kuanzia tarehe 17 hugeukia kuzaliwa kwake Bethlehemu. Sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hupenda kuiruka sehemu ile ya kwanza, ilhali ndiyo inayowagusa zaidi watu waliochoshwa na vita, kwa kuwa inatangaza kwamba Bwana atakuja kuhukumu kwa haki.

Basi anzeni na kitabu cha Isaya. Kila jioni baba, mama au mtoto anayejua kusoma asome aya chache kwa sauti, mkiwa mmewasha mshumaa: mmoja juma la kwanza, miwili la pili, hadi minne. Desturi ni mitatu ya urujuani na mmoja wa rangi ya waridi kwa Dominika ya tatu, ile ya furaha, lakini mishumaa myeupe ya kawaida kutoka soko la Kadutu inatosha kabisa. Kuanzia tarehe 17 hadi 23, ongezeni kila jioni wito mmoja wa kale wa Masifu ya Jioni, sala ya jioni ya Kanisa: Ee Hekima, Ee Adonai, na kuendelea hadi Ee Emanueli.

Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, kifanyike mapema, kabla mistari haijawa mirefu parokiani.

Yohane Mbatizaji aliagiza kwamba mwenye nguo mbili ampe asiye nayo (Luka 3:11). Kwa hiyo, kabla ya kuwanunulia watoto nguo za Noeli, ulizeni katika shirika lenu, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani, ni familia gani ya wakimbizi inayokosa hata blanketi, kisha mpeleke msaada huo bila kutangaza.

Pango la Noeli, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, desturi iliyoenea tangu Mtakatifu Fransisko alipoliandaa Greccio, Italia, mwaka 1223, mnaweza kulijenga kwa maganda ya migomba. Hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24, ndipo mtoto mdogo kuliko wote amlaze humo Yesu, nanyi msome Yohane 1:14, kwa maana kiini cha Noeli ni kwamba Mungu mwenyewe alitwaa mwili wetu, wenye njaa na baridi. Msilibomoe tarehe 26. Kipindi cha Noeli huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, na siku hizo zinafaa sana kwa kuwatembelea wagonjwa na wafiwa.