Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchomwa Ganzi ya Mkono Yenye Deksamethasoni

Mchumaji aliyeanguka mkarafuuni akavunjika mkono anaweza kufanyiwa upasuaji akiwa macho, kwa ganzi inayodungwa karibu na mishipa ya fahamu, shingoni, juu ya mtulinga au kwapani. Bupivakaini, ambayo ni dawa ya ganzi, ikiongezewa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) iitwayo deksamethasoni, miligramu 4 hadi 8, nafuu hurefuka kwa takriban saa 6 hadi 8, na usiku wa kwanza, ambao ndio mzito, hupita kwa utulivu. Kichefuchefu nacho hupungua.

Kabla ya yote, mgonjwa amweleze daktari wa usingizi kama ana kisukari, hata kama sukari imetulia, kwa sababu steroidi huipandisha kwa muda. Apimwe kabla ya upasuaji na baada yake. Hofu ya kidonda kuoza inaeleweka, lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000 wakiwemo wenye kisukari, ulionyesha kuwa dozi moja ya miligramu 8 haikuongeza maambukizi ya kidonda.

Deksamethasoni huchanganywa na ganzi au hupitishwa kwenye mshipa wa damu. Tofauti ya muda ni ndogo, na kuichanganya hakumo katika matumizi yaliyoidhinishwa, hivyo naona wengi watatosheka na njia ya mshipani, mradi isukumwe polepole, kwani ikiingia kwa haraka humletea aliye macho mwasho mkali sehemu za siri. Ikichanganywa, isiwe na kihifadhi (kemikali ya kuzuia dawa isiharibike), wala isibadilishwe kwa steroidi ya chembechembe kama triamsinoloni. Na ropivakaini, dawa nyingine ya ganzi, huweza kuganda ikichanganywa na deksamethasoni ikafanya fuwele. Chumbani kuwe na oksijeni na mafuta maalumu ya asilimia 20 ya kudunga mshipani, endapo ganzi itaingia kwenye damu.

Anayetoka Makangale, kaskazini mwa Pemba, kupasuliwa Mkoani, kusini mwa kisiwa hicho, apange mapema pa kulala na mtu wa kumwangalia, maana mkono unaweza kubaki umekufa ganzi hadi asubuhi. Ufungwe shingoni, usikandwe kwa maji moto, usisogezwe karibu na moto jikoni. Kidonge cha maumivu kinywewe kabla ya ganzi kuisha. Na kwa kuwa ganzi huficha maumivu ya bandeji ngumu iliyobana, vidole vitazamwe mara kwa mara: vikivimba sana, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, arudishwe hospitali usiku huohuo.