Namna ya Kushirikishana Rekodi ya Mahojiano ya Mtoto Bila Kumwanika

Mtoto aliyefanyiwa ukatili akihojiwa vizuri na kurekodiwa, hupunguziwa mzigo wa kusimulia maumivu yake upya kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa afisa ustawi wa jamii na kwa mwendesha mashtaka. Rekodi hiyohiyo ikivuja, mtoto huumizwa mara ya pili.

Kwa hiyo usiitume kwa WhatsApp, hata kama mwenzako yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na kivuko cha kutoka Mwanza kimeshaondoka, subiri kinachofuata. Rekodi halisi ibaki bila kuhaririwa, na nakala iwekwe kwenye flashi iliyofungwa kwa nywila, ikabidhiwe mkononi kwa afisa anayehusika, huku nywila ikipelekwa kwa njia nyingine na daftari likionyesha nani amepokea, lini na kwa sababu gani.

Jiulize kwanza kama anayeomba anaihitaji kweli, kwani mara nyingi muhtasari humtosha. Nakala ya mafunzo isidhaniwe kuwa salama kwa kuficha uso pekee: visiwani, ambako watu hufahamiana, sauti, sare ya shule au jina la mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga) humtambulisha mtoto mara moja.