Nyumba "was collapsed"? Mazoezi ya kauli ya kutendwa ya Kiingereza kupitia majanga

Mpwa wangu anakaa Ahero, na mto Nyando ukitishia kufurika huletwa kwangu Kisumu. Mara ya mwisho alikuja na insha ya Kiingereza iliyojaa wino mwekundu. Sentensi ya kwanza: "Our neighbour's house was collapsed." Ilitula jioni nzima. Tulivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Maneno

Shika daftari, si simu. Andika majanga unayoyajua: flood, drought, landslide, lightning, earthquake. Kando yake weka vitenzi kwa maumbo yote matatu: sweep, swept, swept, strike, struck, struck, bury, buried, buried. Kumi na mawili yanatosha. Programu za simu zinazokuanzishia tsunami sizipendi kabisa. Mtoto wa Ahero anahitaji "dyke" (tuta la kuzuia mto) kabla ya "lava".

Hatua ya 2: Sentensi za Kiswahili

Sikiliza taarifa ya habari ya saa moja usiku, unakili tano. Sisi tulitunga zetu: Bwawa la Solai lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018. Nyumba zilisombwa na maji. Mwaka 1928 Subukia ilitikiswa na tetemeko.

Hatua ya 3: Uliza "na nini?"

Hapa ndipo saa zilipoishia. Nilikuwa nimemwambia: weka was au were, ongeza umbo la tatu, basi. Akaniletea "were died" na "was happened". Nikaanza hotuba ya vitenzi visivyo na yambwa (kitu kinachotendwa), mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akawa ananitazama tu. Mwishowe akasema, "Lakini mjomba, hata kwa Kiswahili nyumba haikuangushwa. Ilianguka."

Kumbe jibu alikuwa nalo yeye!

Basi kabla ya kutafsiri, kiulize kitenzi: na nini? Nyumba zilisombwa na nini? Na maji. Kimekubali, kwa hiyo "The houses were swept away by the water." Subukia nayo "was shaken by an earthquake". Bwawa lilipasuka na nini? Kimegoma, na Kiingereza nacho hakitaki was: "The dam burst." Watu wa Budalang'i wakihamishwa, "were evacuated", wakihama wenyewe, "moved".

Sasa tahadhari, maana kipimo hiki kilituangusha mara mbili. Kwanza, kauli ya kutendeka hudanganya. "Daraja liliharibika" hakijibu "na nini?", lakini Kiingereza kinadai "The bridge was damaged." Barabara iliyozibika vilevile, "was blocked". Ukikwama hapo, geuza uwape maji kazi: maji yanaweza ku-damage daraja, sawa, ku-collapse nyumba hayawezi. Kinachokubali kazi hiyo kinakubali was. (Ila "break" ni kigeugeu, huenda pande zote mbili: "the dyke broke", "the dyke was broken".)

Pili, Kiswahili hutendwa mahali Kiingereza hakithubutu. Jirani alifiwa na mumewe. Kinajibu "na nani?" vizuri kabisa, lakini usije ukaandika "was died". Hapo acha kitenzi, tafuta maana: "She lost her husband." Hiki hakina kanuni, ni cha kukariri.

Hatua ya 4: Punguza "by"

Kama mtenda anajulikana hata bila kutajwa, mwondoe. "Two cows were struck by lightning" inamhitaji. "The road was flooded by water" haimhitaji, barabara ingefurika nini kingine?

Hatua ya 5: Andika upya

Bila kuangalia ya zamani. Yake sasa inasomeka: "Our neighbour's house collapsed and her goats were swept away." Mbuzi hakuwa amewataja mwanzoni.